Jinsi ya Kukagua Msumeno wa Injini Uliotumika Kabla ya Kuununua

Karibuni, watazamaji wapendwa. Juu ya meza hii kuna msumeno wa injini, ule ambao wengi wetu tunauita chenso, uliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, na mwenyewe amekubali niukague mbele ya kamera kabla hatujaanza kuzungumzia bei. Nimewahi kununua misumeno mibovu ya kutosha kunifundisha kwamba karibu kila kasoro yake hutengenezeka kwa gharama ndogo, isipokuwa moja ambayo hujificha ndani ya silinda, na ndiyo maana leo tutaingia huko mapema.

Kwanza kabisa, sogeza kiganja karibu na silinda. Ukiikuta ina joto, fahamu kwamba msumeno uliwashwa kabla hujafika. Pengine muuzaji hakuwa na nia mbaya, lakini injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi huweza kuwaka kwa utiifu mkubwa ikishapata moto, kwa hiyo mwombe radhi, usubiri ipoe. Huu wetu ni baridi kabisa.

Sehemu za nje nitazipitia haraka, kwa sababu macho yenu yanaona kama yangu. Angalia vishikio, vifuniko, bolti zilizopotea na kamba ya kuwashia. Rangi iliyokwaruzika hainishughulishi hata kidogo, na unga wa mbao uliogandamana na oili ni dalili tu kwamba msumeno umefanya kazi. Mimi huutilia shaka zaidi msumeno ulioogeshwa ukang'aa, maana maji hayo hayo yameondoa michirizi ambayo ingenionyesha mafuta yanavuja wapi.

Sasa tunafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, uchomaji ni mzuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta yanaingia kwa wingi kupita kiasi au chujio la hewa limeziba. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini imekuwa ikipata hewa nyingi na mafuta machache, na hapo moyo wangu huanza kwenda mbio, kwa kuwa mafuta hayo machache ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni. Hii yetu ni nyeusi kidogo, lakini ni kavu. Tuendelee.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Tunataka kuiona pistoni, na njia rahisi ni kutoa eksozi, ambayo katika msumeno huu imeshikwa kwa nati mbili. Kabla ya kulegeza chochote, vuta kamba polepole mpaka pistoni ipande na kuliziba tundu la kutolea moshi. Nasema tena: pistoni iwe juu, tundu liwe limezibwa. Mwaka fulani nililegeza nati bila kujali jambo hilo, nati ikaniponyoka, ikagonga ukingo wa tundu na kutumbukia ndani ya silinda kwa mlio mdogo ambao nausikia mpaka leo. Nilipoteza jioni nzima nikiupindua na kuutikisa msumeno kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya kibubu. Kwa hiyo toa nati ya kwanza, iweke kwenye kisahani. Toa ya pili, iweke kwenye kisahani hicho hicho. Usiziweke mezani. Usizishike mdomoni. Eksozi ikishatoka, chunguza gasketi yake, kisha futa masizi yaliyozunguka tundu ili yasiangukie ndani.

Nasogeza tochi. Samahani, kamera inaona mwanga wa tochi peke yake; subirini niuinamishe. Naam, sasa mnaona ubavu wa pistoni. Mnachotafuta ni mistari iliyosimama wima, yaani michubuko inayofuata njia ambayo pistoni hupanda na kushuka. Mistari myembamba usiyoweza kuihisi kwa ncha ya kijiti ni ya uzee. Mifereji inayokwaruza kijiti, hasa upande huu wa eksozi ambao ndio wenye joto kali, maana yake mara nyingi ni kwamba mtu alitia petroli isiyochanganywa oili, au kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilibana mafuta mno. Ukikuta hivyo, mshukuru mwenye msumeno, umrudishie. Pistoni yetu ina mikwaruzo miwili hafifu, na alama za uchongaji wa kiwandani bado zinaonekana. Nimefurahi kuliko ninavyopaswa kuonyesha mbele ya muuzaji.

Kabla ya kurudisha eksozi, hakikisha pistoni bado imeliziba tundu. Mtanisamehe kwa kurudia, lakini nati huponyoka wakati wa kurudishwa sawasawa na inavyoponyoka wakati wa kutolewa.

Plagi ikisharudi mahali pake, tunapima mgandamizo. Swichi ikiwa imezimwa, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uache msumeno uning'inie kwa uzito wake mwenyewe karibu kabisa na ardhi. Injini yenye afya huushusha msumeno kwa vituo vituo, ikisita kila pistoni inapopanda. Iliyochoka huuachia ushuke moja kwa moja. Misumeno mikubwa huwa na kitufe cha kupunguza mgandamizo, na kikiwa kimebonyezwa kitakudanganya, kwa hiyo kiangalie kwanza. Kama una geji ya mgandamizo, misumeno mingi mizima husoma baina ya 130 na 170 kwa kipimo cha psi, nami nikiona chini ya 100 hufunga mfuko wangu.

Kuhusu mafuta, mimi huja na yangu. Misumeno mingi ya sasa hutumia uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili ya injini za mipigo miwili katika lita 5 za petroli, ingawa baadhi ya ile ya zamani huhitaji 25 kwa 1. Soma maandishi yaliyo kwenye kifuniko. Petroli iliyolala ndani ya tangi miezi mingi huigandisha kabureta na kukufanya uilaumu injini bure.

Tunawasha. Msumeno uwe chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu umekanyaga kishikio cha nyuma, choki imevutwa. Moja, mbili, tatu, umekohoa. Rudisha choki nusu. Moja, mbili, umewaka. Sikilizeni jinsi unavyounguruma bila kuguswa: sauti iwe moja, na ukiachia breki, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, huenda kasi ya chini imepandishwa mno, na skrubu yake inatosha kuishusha, au springi za klachi zimelegea. Sauti ikiwa inapanda yenyewe na kuchelewa kushuka baada ya kuachia mafuta, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa wizi, mara nyingi kupitia sili za kranki au mpira wa kabureta, na usiendelee kuuungurumisha hivyo.

Sasa elekeza ncha ya ubapa, yaani ule upanga ambao mnyororo huuzunguka, kwenye gogo safi, umbali wa shibiri moja, uongeze kasi. Mstari wa oili unatokea pale. Pampu inafanya kazi. Ongeza kasi kidogo, sukuma kinga ya mkono mbele: mnyororo umesimama papo hapo. Breki ni nzima.

Ah. Umezimika. Hili sikulipanga, lakini tuliache kwenye video. Umefanya kazi kama dakika tano, kisha umefifia taratibu na kuzimika, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta, legeza kifuniko cha tangi la mafuta. Mmesikia? Ule mfyonzo mfupi ni hewa iliyokuwa imezuiwa kuingia. Tundu la kupumulia la tangi limeziba, mafuta yanapovutwa tangi linabaki na utupu, na kabureta inakosa cha kunywa. Nakifunga tena, navuta, umewaka bila ubishi. Kasoro hiyo ni ya kipuri kidogo mno, ingawa kwa asiyeijua ingeonekana kuwa injini mbovu, nami nimeshuhudia watu wakibadilisha kabureta nzima kwa sababu yake.

Nimeuzima. Tufungue kifuniko cha pembeni. Kwenye spoketi, yaani gurudumu la meno linaloendesha mnyororo, meno ya mnyororo yakiwa yamechimba mfereji unaozidi nusu milimita, ibadilishwe. Simamisha rula kando ya ubapa: ikilala upande mmoja, kingo zimechakaa bila usawa na msumeno utakata kwa kupinda hata ukiunoa kwa ustadi gani. Huu umechakaa kidogo upande wa chini. Tupa ya kunolea iliyo bapa na dakika kumi vitatosha kuunyoosha. Mnyororo wenyewe una meno mafupi yaliyokaribia alama ya mwisho, lakini mnyororo ni kama kandambili, huisha na kununuliwa mwingine.

Zimepita dakika kumi tangu nilipouzima, na bado ni wa moto. Hili ndilo jaribio ambalo wauzaji wengi hawalipendi, kwa sababu koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme, ikichoka hutoa cheche ikiwa baridi na kususa ikishapata joto. Breki imefungwa, mguu upo mahali pake, choki naiacha. Moja. Mbili. Umewaka. Nauzima, na sasa naigeukia kamera ili niizime pia, kwa kuwa mazungumzo ya bei yataanzia kwenye kile kifuniko cha tangi.