Mkono Uliovimba na Tui la Nazi

SALIM: Haya tumerudi. Aisha, wiki hii nimegombana na mamangu mdogo wa Likoni, yule mnamjua, aliyemaliza kemo na mionzi ya saratani ya matiti. Naingia jikoni namkuta amekalia mbuzi anakuna nazi, na mkono ule ule wa upande aliotolewa tezi za kwapani! Nikamnyang'anya.

AISHA: Ukamnyang'anya nazi mama wa watu?

SALIM: Si mkono unavimba! Tezi zikitolewa yale majimaji hayapati njia, yanakwama mkononi. Zile bangili zake za harusi hazipiti tena kwenye kiganja, nimeona kwa macho yangu.

AISHA: Kuvimba nakubali, kwaweza kuja hata miaka baada ya matibabu. Lakini kumkalisha kitako si dawa bana. Mwaka 2009 kule Marekani, Kathryn Schmitz na wenzake walitoa utafiti wa wanawake 141, wamepona saratani ya matiti na mikono ishavimba, nusu wakawa wananyanyua vyuma, wanaanza na vyepesi kabisa wanapanda pole pole, na uvimbe haukuzidi, tena wakapata nguvu.

SALIM: Walikuwa na mwalimu, na wamevaa ile soksi ya kubana mkono. Mamangu ana mbuzi tu. Meno yale yakimkata kidole, uchafu ukaingia, mkono unaumuka mara mbili.

AISHA: Basi mtafutie soksi, mpeleke kwa mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, amfundishe.

SALIM: Nitampeleka. Kwa sasa nimemnunulia tui la paketi.

AISHA: La paketi?! Salim, wali wa nazi wa Ijumaa kwa tui la paketi?

SALIM: Tui ni tui.

AISHA: Wallahi si tui! Kasimile yatoka kwenye nazi uliyoikuna wewe ukaikamua kwa mkono wako, lile la paketi ni la mtu mwenye haraka zake.

SALIM: Naona meseji zinamiminika hapa, mmoja wa Kisauni asema apelekewe nazi iliyokunwa na mashine sokoni.

AISHA: Ya mashine afadhali. Lakini hujanielewa, yule mama amepona, halafu akae kama mgeni jikoni mwake, kijiko asishike? Huko ndiko kupona?

SALIM: Wewe hukulala naye wodini. Mimi nimelala. Nazi hakuni.

AISHA: Na mimi nasema akune, nusu kifuu leo, apumzike, wiki ijayo aongeze.

SALIM: Hakuni, Aisha.

AISHA: Haya, dakika zimeisha na karatasi hatujaigusa, uchovu wa baada ya kemo, kurudi kazini, mambo ya ndoa, yote hayo bado. Nitasema moja tu: mkono ukiwa mwekundu, una moto, na homa juu, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SALIM: Hapo sina neno. Na mazoezi ya bega je, tuliahidi...

AISHA: Muda, Salim. Wiki ijayo inshallah.