Imani Inapotindika

Bwana asifiwe, wapendwa. Wazee wangu, shikamooni.

Kasisi aliponiomba nizungumze nanyi juu ya kushika imani wakati wa majaribu, nilimwambia mimi si mhubiri, ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu. Akanijibu, basi tufundishe Kiswahili. Nimemtii. Naomba mfungue Luka 22, mstari wa 32, msome polepole, maana kuna neno pale ambalo wengi wetu hulipita mbio.

Yesu yuko mezani na wanafunzi wake, usiku ule wa mwisho. Anamwambia Petro kwamba Shetani amewataka apate kuwapepeta kama ngano. Kisha anasema: "Lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike."

Isitindike. Vijana nikiwauliza neno hili huniambia maana yake ni isianguke, isivunjike. Sivyo. Kutindika ni kuishiwa. Unatia kikombe kwenye debe la unga, kikombe kinakwaruza bati. Unga umetindika. Waliotutafsiria Biblia walilitumia neno hilo hilo kwenye harusi ya Kana, pale divai ilipowatindikia. Kwa hiyo imani anayoizungumzia Bwana hapa si ukuta unaobomoka wala mti unaong'oka. Ni kitu cha matumizi ya kila siku, na kitu cha matumizi kinaweza kuisha katikati ya wiki, kabla mshahara haujaingia, nyumba ikiwa na watu.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mimi nililelewa na mafundisho mengine. Nilifundishwa kwamba imani ni kama misuli: mwenye nayo hukaza, asiyekaza amekosa bidii, na akianguka ni shauri yake. Walionifundisha hivyo walikuwa watu wema. Lakini ulifika mwaka ambao nilikwaruza bati, na mafundisho hayo hayakunipa hata kombo la unga. Nitawaeleza. Kwanza nataka twende Rabai.

Ukitoka Mombasa unashukia Mazeras, unashika barabara ya Kaloleni, na haipiti muda umefika Rabai, penye kanisa lile kongwe na makumbusho ya mmisionari Krapf. Nimepeleka watoto wa shule pale mara nyingi. Tuliwafundisha kwa ajili ya mtihani: mmisionari mwenzake Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849, wataalamu wa jiografia huko Ulaya wakakataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mtoto akijibu hivyo anapata alama zake. Nilifundisha miaka mingi bila kujiuliza watu hawa waliamka vipi asubuhi, na walikuwa wanamwomba nini Mungu usiku.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Walikuwa wamekwisha kuzika mtoto mmoja njiani, upande wa Uhabeshi, waliyempa jina Eneba, maana yake chozi. Mwezi wa Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hili nalisema makusudi, Wakristo wa pwani tulikumbuke: kazi ya kulitia Neno katika lugha yetu ilianza kwa mkono wa kadhi kusaidia mkono wa mmisionari. Mwezi uliofuata, Julai, homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti, akafa, na kile kichanga kikamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa ile ile. Makaburi yako ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na yeyote kati yenu anaweza kwenda kuyaona.

Watu hupenda kuitaja barua aliyowaandikia wakubwa wake baadaye, kwamba sasa kuna kaburi la mmoja wao katika pwani hii na hiyo ni ishara kuwa kazi imeanza. Ni barua ya ushujaa. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni zile karatasi za Mwanzo. Alizirudia. Sura tatu za kwanza zilichapishwa mwaka 1847, na ndani ya sura hizo mna mstari usemao, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Zilipochapishwa, aliyezitafsiri alikuwa mgane. Mimi nimewahi kumsahihishia mtoto insha siku ya tatu baada ya matanga, nikaona herufi zinaelea kwenye maji. Najua kazi ya namna hiyo ina uzito gani.

Sasa Rebmann. Huyu ndiye hasa niliyekuja kumzungumzia, kwa sababu hana sifa kubwa kama mwenzake. Alifika mwaka 1846, na mwezi wa Agosti mwaka huo wakaanza makao yao Rabai, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Krapf alishindwa na afya, akarudi Ulaya mwaka 1853. Rebmann akabaki. Alikuwa ameoa mke, Emma. Mtoto wao hakuishi. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai yakamtoa Rabai, akakaa Unguja kwa muda, akarudi. Mwaka 1866 Emma akafa. Rebmann akabaki. Macho yakaanza kufifia. Akabaki. Miaka 29 hakukanyaga Ulaya.

Matunda je? Wa kwanza kuitikia alikuwa mlemavu mmoja, jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kisha Abe Gunja na mwanawe Nyondo. Wengine wachache. Mmisionari Price alipofika mwishoni mwa 1874, Wakristo wa Rabai mngewahesabu kwa vidole, na mzee wao alikuwa kipofu.

Sitaki kuwafanya malaika. Waliandika juu ya mila za Wamijikenda maneno makali ambayo mtu wa Rabai akiyasoma leo yanamchoma, na ana haki ya kuchomwa. Lakini niambieni, mzee yule alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa akikusanya maneno. Alikaa na mtumwa mmoja pale Mombasa aliyeitwa Salimini, mtu wa pande za Ziwa Nyasa aliyetekwa akaletwa pwani, akawa anamuuliza: hiki kwenu mnakiitaje? Na hiki? Akaandika kamusi nzima ya lugha ya watu ambao hakuwahi kufika kwao. Ikachapishwa mwaka 1877, yeye akiwa ameshazikwa. Mimi ni mtu wa lugha, mnisamehe nikitokwa na machozi kwa ajili ya kamusi. Kwa mtu anayehesabu matunda, Rebmann alikuwa ametindikiwa zamani. Yeye aliuliza tu neno moja zaidi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mwaka 1875 aliondoka. Haoni. Ataondokaje? Aliyesafiri naye ni Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Nyondo alikuwa mwanafunzi wake. Alisomeshwa na Rebmann. Sasa Nyondo ndiye aliyekuwa akimwambia hapa pana ngazi, hapa pana maji, inua mguu. Alimshika mkono kutoka pwani hii mpaka Uingereza, mpaka Ujerumani. Rebmann akafa huko Korntal mwaka 1876, mji ambao Krapf alikuwa anaishi.

Kila niombapo nikiwa sina nguvu, naiona mikono ile miwili. Mkono uliofundisha kuandika, na mkono uliofundishwa.

Turudi kwa Petro. Bwana alimwombea imani isitindike, na kabla jogoo hajawika Petro akawa amekana mara tatu. Mtu atasema, basi maombi hayakujibiwa. Lakini angalieni maneno yanavyoendelea: "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Bwana alijua debe litakwaruza, na alikuwa ameshaweka akiba mahali ambapo Petro hapafikii. Na someni Marko 2, yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao." Yao! Watu wanne waliombeba. Yeye mwenyewe amelala kwenye godoro, hasemi neno hata moja. Huenda imani yake ilikuwa imekwisha miaka mingi iliyopita. Yao ilitosha kutoboa dari.

Sasa niwape ushuhuda wangu, nao si mrefu.

Mume wangu aliugua figo. Waliopitia njia hiyo wanajua: mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, nauli, dawa ambazo bima haigusi. Tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri, mimi na thamosi ya uji kwenye kikapu na leso ya kumfunika, maana akitoka kwenye mashine alikuwa anatetemeka kwa baridi hata katika joto la Machi. Nilikaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba kile. Benchi lilikuwa na ubao mmoja uliolegea, ukiketi vibaya unakufinya. Nilizoea kuketi upande mmoja.

Siku moja tulipelekwa na ndugu kwenye mkutano wa maombi. Mhubiri, ambaye sitamtaja, alimwekea mume wangu mkono kichwani, kisha akaniambia mimi, mbele ya umati, kwamba ugonjwa haujaondoka kwa sababu ndani ya nyumba hiyo kuna asiyeamini. Akatuambia tupande mbegu. Tulitoa pesa zilizokuwa za mashine za wiki mbili. Wiki hizo mbili tulikopa. Namsamehe, nimeshamsamehe, lakini nasema wazi ili asije mwingine hapa akarudi nyumbani na mzigo kama ule: hakuna mahali Bwana alipomwambia mgonjwa, mkeo ndiye sababu. Ayubu aliambiwa maneno ya namna hiyo na marafiki zake watatu, na Mungu akawakasirikia wao.

Mume wangu alifariki Agosti. Nilizika, nikapika, nikashukuru watu. Kisha nikaona siwezi kusali. Siwaambii nilimkana Mungu. Sikuwa na nguvu hata za kumkana. Niliweza kusoma Zaburi moja tu, ya 88, kwa sababu ndiyo inayoishia gizani bila kugeuka. Nyingine nyingi za maombolezo zinageuka mwishoni, mtu analia halafu anasifu. Hiyo haigeuki, na bado imo katika Biblia, na wazee walioikusanya hawakuiongezea kiitikio.

Kuna jirani yangu, anakaanga samaki jioni pale barabarani. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, na nikiri hapa kwamba sikuwa mpole kwake. Kusoma kulimshinda na nilimwambia hivyo. Basi huyo alianza kuja kila Alhamisi. Anaacha karai motoni, dada yake anasimamia, anaingia na mikono inanuka samaki, ananiambia, "Mwalimu, tusali Baba Yetu twende zetu." Ananishika mkono, tunaanza. Na kila tukifika pale, "mapenzi yako yatimizwe," sauti yangu inakatika. Nisingeweza kulisema. Niliyaona mapenzi yake, nilikuwa nimeyakalia kwenye benchi.

Yeye alikuwa hasimami. Analisema peke yake, "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni," taratibu, kama mtu anayembebea mwenzake ndoo kwenye kilima. Kisha ananingoja. Na mimi naingia tena kwenye "utupe leo riziki yetu," kwa sababu riziki niliihitaji kweli, hilo halikuwa gumu. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Hakunifundisha. Septemba, Oktoba, Novemba, Krismasi ikapita, ikaja Januari.

Ilikuwa Alhamisi kama nyingine, karibu na Pasaka. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa gizani, mkono wake una moto bado kutoka kwenye karai. Tukasali. Tulipofika pale nikasikia sauti mbili, na nilichukua muda kutambua kwamba ya pili ni yangu.

Hakusema kitu. Alimaliza sala, akanipapasa mkono, akainuka kwenda kugeuza samaki wake.