"Leo Nakuua": Tishio Linalosemwa Kwenye Gemu na Mlango wa Mahakama

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa sheria, na nyinyi wazazi mlioamua kuja na vijana wenu jioni ya leo, asanteni kwa kunikaribisha.

Nianze na jambo lililotokea nyumbani kwangu Jumamosi moja, yapata saa tano za usiku. Nilikuwa sebuleni nikipitia jalada la kesi, nikasikia kutoka chumba cha pili sauti ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, ikisema taratibu, bila hasira yoyote: "Nakuona. Umejificha nyuma ya ukuta. Leo nakuua, nakuzika hapo hapo." Niliinuka upesi. Nilimkuta amelala kifudifudi kitandani, simu ameishika kwa mikono miwili, waya wa spika za masikioni ameung'ata kwa meno ili kipaza sauti kisimwache mbali, na jasho linamtoka puani. Aliyekuwa anatishiwa ni mwenzake wa darasani. Dakika haikupita, yule wa nyuma ya ukuta akawa ndiye aliyemuua mpwa wangu, na wote wawili wakacheka hadi dada yangu akagonga mlango kuwanyamazisha.

Sasa chukueni maneno yale peke yake, myaandike kwenye karatasi, myapeleke kituo cha polisi. Yanatosha kufungua jalada. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtia hatiani mtu anayetishia kumjeruhi, kumpiga risasi au kumuua mwenzake kwa nia ya kumtisha au kumuudhi, na kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka hadi kifungo cha miaka 10 kwa anayemfikishia mtu tishio la kumuua, liwe la maandishi au la mdomo. Kwa hiyo swali mlilonipa, la iwapo tishio la kwenye gemu lihesabiwe kuwa jinai, kwa sehemu lilikwisha kujibiwa kabla intaneti haijazaliwa. Tishio la kuua ni jinai, na sheria haisemi kwamba simu au kompyuta inalifuta. Kinachotusumbua ni kazi ya kuchambua, yaani kumtenga mpwa wangu na mtu mwingine aliyesema maneno yale yale, neno kwa neno, akiwa na maana nyingine.

Na katika kuchambua huko, nadhani sisi tunayo hazina ambayo mawakili wa nchi nyingi hawana, nayo ni utani. Mchaga na Mpare wakikutana, mmoja anaweza kumwambia mwenziwe maneno ambayo yangetoka kwa mtu baki yangeleta ngumi. Mtani anaweza kufika msibani akajilaza kaburini, akakataa maiti isizikwe mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini utani una masharti. Sharti la kwanza ni kwamba wote wawili wanajua kuwa ni watani. Sharti la pili ni kwamba una mahali pake, na anayeutoa nje ya mahali pake anaambiwa wazi kwamba sasa amevuka mpaka. Sharti la tatu, ambalo wazee hawalisemi kwa sababu kila mtu analijua, ni kwamba mtani hakuvizii usiku. Hoja yangu ya leo ni kwamba hakimu anayesikiliza kesi ya tishio la kwenye gemu anapaswa kuuliza kama wale wawili walikuwa watani, na kama maneno yalibaki kwenye uwanja wake au yalitoka yakamfuata mtu hadi nyumbani kwake. Ukali wa maneno haumpi jibu.

Nitawaonyesha kwa nini ukali haufai kuwa kipimo kwa kesi mbili za Marekani, nchi ambayo imeumizwa na jambo hili kwa pande zote mbili.

Mwezi Februari 2013, kijana wa miaka 18 wa jimbo la Texas alikuwa akibishana kwenye Facebook na wenzake kuhusu gemu ya League of Legends. Mmoja akamwambia kwamba ana wazimu. Akajibu kwa kejeli kwamba naam, kichwa chake kibovu, na kwamba atakwenda kufyatua risasi kwenye shule ya watoto wadogo, akaongeza mambo ya damu na mioyo ambayo sitayarudia mbele ya watoto waliomo humu. Kisha akaandika alama za vijana za kusema anacheka na kwamba ni mzaha. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu watoto 20 na watu wazima 6 wauawe katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Mtu mmoja aliyekuwa Kanada, ambaye hakumjua kijana huyu hata kidogo, aliyaona maneno hayo akatoa taarifa polisi. Simlaumu. Kwa wakati ule, na kwa alichokiona kwenye kioo chake, pengine nami ningepiga simu.

Ninachokilaumu ni kilichofuata. Kijana alishitakiwa kwa kosa la tishio la kigaidi, ambalo kwa sheria ya Texas lingeweza kumpa kifungo cha miaka 10, na dhamana yake ikawekwa dola 500,000. Familia haikuwa nazo. Alikaa rumande kwa miezi, na baba yake alieleza kwamba mwanawe alipigwa na mahabusu wenzake, hadi Julai mwaka ule mfadhili asiyejitaja jina alipomlipia dhamana. Kesi haikuisha mpaka mwaka 2018, alipokiri kosa dogo la kutoa taarifa ya uongo yenye kuzua taharuki. Miaka 5 kwa sentensi chache. Angalieni jambo moja: hakuna mtu aliyetajwa katika maneno yale, wala shule, wala siku, na yalisemwa kumjibu mtu aliyekuwa ndani ya ubishi ule ule. Yalikuwa maneno ya ovyo, lakini hayakuwa na anwani.

Kesi ya pili ilikuwa na anwani. Mwishoni mwa Desemba 2017, wachezaji wawili wa Call of Duty, mmoja wa Ohio na mwingine wa mji wa Wichita, Kansas, waligombana kwa dau la dola 1 na senti 50. Naomba mlitie akilini dau hilo, kwa maana halifiki bei ya sahani ya chipsi mayai na soda hapa mjini. Yule wa Ohio akamtafuta mtu wa tatu, aliyekuwa Los Angeles, anayejulikana kwa tabia ya kupiga simu za uongo ili polisi wenye silaha wavamie nyumba za watu. Yule wa Wichita, badala ya kunyamaza, akawapa anwani ambayo hakuwa akiishi tena, akawachokoza kwamba waje. Mtu wa Los Angeles akapiga simu, akajifanya kwamba amempiga baba yake risasi na amewashika ndugu zake mateka. Polisi wakaizunguka nyumba. Aliyetoka mlangoni kuangalia kulikoni alikuwa baba wa watoto wawili, mwenye miaka 28, ambaye hakuwa katika gemu ile na hakuwajua wale watatu. Askari alifyatua risasi, ikampata hapo hapo barazani, naye akafa. Mpiga simu alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2019.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, utaona kwamba maneno yaliyojaa damu hayakumgusa mtu, na aliyekufa aliuawa na mambo ambayo yakisomwa peke yake hayana ukali wowote, yaani jina la mtaa na namba ya nyumba. Ndiyo maana mimi huwaambia polisi ninaopata nafasi ya kuzungumza nao kwamba wakiletewa picha ya skrini, wasihangaike kwanza na neno "nitakuua". Watafute kama kuna jina halisi, shule, njia ya kwenda kazini, saa, picha ya geti. Hapo ndipo mchezo unapokuwa umetoka nje ya mchezo.

Mahakama ya Juu ya Marekani imelizungukia suala hili kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1969 ilimwachia kijana aliyesema kwenye mkutano wa hadhara kwamba akilazimishwa kushika bunduki, wa kwanza ambaye angependa kumlenga ni Rais Johnson. Katika mambo ambayo majaji waliyatazama ni kwamba sharti lile lilikuwa la "ikiwa", na kwamba waliomsikiliza walicheka. Nawaomba wanafunzi wa sheria wasiidharau hoja ya kicheko, kwa sababu ni ushahidi: waliokuwepo walijua wako uwanja gani. Mwaka 2015, katika kesi ya Elonis, mahakama hiyo ilisema haitoshi kuthibitisha kwamba mtu wa kawaida angeogopa; lazima kuangalia akilini mwa msemaji mlikuwa na nini. Na mwaka 2023, katika kesi ya Counterman, ikaweka kiwango ambacho mimi naona kinatufaa hata sisi: upande wa mashitaka uthibitishe angalau kwamba msemaji alitambua kuwa maneno yake yanaweza kuchukuliwa kama tishio, na bado akayasema bila kujali. Uingereza nayo, katika Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, imeweka kosa la kutuma tishio la kifo au la madhara makubwa, kwa mtu aliyekusudia mpokeaji aogope au ambaye hakujali kama ataogopa, na adhabu yake inafika miaka 5.

Kuna wanaosema, na wengi wao ni wachezaji wenyewe, kwamba maneno yaachwe yawe maneno, na anayeumia azime sauti. Ninawaelewa vijana hawa, lakini sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni wasichana. Waulizeni mabinti wanaocheza gemu hizi usiku kwa nini wengi wao hawafungui kipaza sauti. Sauti ya kike ikisikika tu, anaanza kuelezwa atakavyobakwa, na mtu ambaye hajawahi kumwona. Huyu hana mtani pale. Hakuna makubaliano, hakuna zamu yake ya kujibu, na kicheko kinachosikika hakimjumuishi. Oktoba 2014, mwandishi na mchambuzi wa gemu Anita Sarkeesian alikuwa azungumze katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Ikaletwa barua pepe ikitishia mauaji ya halaiki ukumbini. Alipoambiwa kwamba sheria za jimbo hazimruhusu yeyote kuwazuia watu wenye vibali kuingia na bunduki, aliufuta mhadhara wake. Hakuna risasi iliyolia, na bado tishio lilikuwa limeshafanya kazi yake: mtu alinyamazishwa, viti vikabaki vitupu. Anayesema tishio lisilotekelezwa halina madhara aje anieleze ukumbi ule ulidhurika au haukudhurika.

Kwetu sisi, wasiwasi wangu si uhaba wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inamwadhibu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtia mtu uchungu wa moyo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tazameni upana wa maneno hayo. Nyavu yenye matundu madogo kiasi hicho inamvua papa pamoja na dagaa, na kwa kuwa dagaa ndiye aliye karibu na pwani, ndiye atakayejaa mashuani. Wakenya walishaonja jambo hili: mwaka 2016 Mahakama Kuu yao ilikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu maneno yake, yaliyogusa hata kumuudhi mtu au kumletea usumbufu, yalikuwa mapana mno kiasi kwamba raia asingeweza kujua amekosa lini.

Kisha kuna umri. Wachezaji wengi tunaowazungumzia ni watoto. Tanzania, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya 12 hadi ithibitishwe kwamba alijua anachokifanya ni kibaya. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mpaka wa kwanza ni miaka 12. Mpwa wangu, kwa hesabu hiyo, anaweza kusimama kizimbani. Ningependa mtoto wa rika lake, akikamatwa kwa maneno, ahojiwe mzazi wake akiwepo, simu ichunguzwe mazungumzo yote na si ile sentensi moja iliyokatwa na mlalamikaji, na dhamana isiwe kitendawili. Texas walianza na rumande, ndipo wakaja kuuliza maswali. Polisi kwenda haraka kutazama kama mtu ana silaha na kama kuna aliye hatarini ni wajibu wao, na unaweza kuisha kwa siku moja. Kumweka ndani kwa miezi ni jambo jingine kabisa.

Nilipokuwa ninauandaa mhadhara huu, nilimwuliza mpwa wangu kama yeye mwenyewe amewahi kuogopa kwenye gemu. Alifikiri kidogo. Akasema, "Mara moja, mjomba." Walikuwa wanne kwenye timu, wanatukanana kama kawaida yao, wanauana na kuzikana, akaingia mtu wasiyemjua kutoka timu pinzani. Huyo hakutukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Wewe wa Tabata, wa sare ya kijani, kesho unatoka saa ngapi?" Mpwa wangu anasema hakuna aliyecheka. Wote wanne walizima vipaza sauti, mmoja baada ya mwingine, na kesho yake dada yangu alishangaa mtoto ameomba apelekwe shule kwa gari.