Taa Tatu kwa Droni ya Kiganjani

ZAINA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua na popote mlipo. Leo hatuna mgeni, ni mimi na kaka Musa, na mezani kuna droni ya kuunda wenyewe, inaenea kiganjani. Mota nne ndogo, betri ya seli moja. Tunataka kuitia taa.

MUSA: Na taa zenyewe si mapambo, dada Zaina. Kidude kidogo namna hii, jua likianza kuzama, hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ndege zinazotua Entebbe zina taa nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani. Tufuate hivyo hivyo. Ukiona nyekundu iko upande wako wa kulia na kijani kushoto, jua inakuja kwako.

ZAINA: Vijana wengi huanza na ule utepe wa taa wanaofunga kwenye bodaboda. Si ghali, na wauza spea wanao.

MUSA: Hautawaka. Ule ni wa volti 12. Ndani yake vitaa vidogo viitwavyo LED vimepangwa tatu tatu, umeme unapita moja baada ya nyingine. Betri yetu ikijaa kabisa ina volti 4.2, haifiki hata nusu ya safari. Tafuta LED moja moja, zile ndogo kabisa za kubandikwa juu ya bodi.

ZAINA: Halafu kuna wanaoziunga moja kwa moja kwenye betri. Zinawaka!

MUSA: Kwa muda, ndiyo. LED haijizuii: volti ikizidi kidogo tu, mkondo, yaani umeme unaopita, unapanda mno, na nyekundu ndiyo inayoungua kwanza. Rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo, ni lazima. Hesabu ni fupi: nyekundu inachukua volti kama 2. Ondoa kwenye 4.2, inabaki 2.2. Ukitaka mkondo wa miliampea 10, yaani ampea 0.01, gawanya 2.2 kwa 0.01, unapata rezista ya omu 220. Nyeupe inachukua kama 3.1, inabaki 1.1, kwa hiyo omu 110. Weka ya 120.

ZAINA: Na kijani?

MUSA: Usiiamini kwa macho. Za zamani zinachukua volti 2 na kidogo, zile kali za siku hizi 3 na kidogo. Geuza mita ya kupimia umeme kwenye alama ya dayodi uipime.

ZAINA: Nikitumia rezista moja kwa zote tatu, si ninapunguza uzito?

MUSA: Nyekundu itameza karibu mkondo wote, nyeupe ibaki giza. Kila taa na rezista yake, dada yangu.

ZAINA: Sawa. Lakini betri haitaisha haraka?

MUSA: Hapo ndipo watu wanaogopa kitu kisichokuwepo. Taa tatu kwa miliampea 10 ni 30. Ruka dakika 6, umetumia miliampea-saa 3 za akiba ya betri, na betri kama hii huwa na mamia. Kinachokula muda wa kuruka ni uzito. Waya mnene wa redio ya gari sitaki hata kuuona hapa. Fungua transfoma ndogo iliyokufa, kunjua ule waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, kisha kwangua ncha tu.

ZAINA: Niuunge kwenye mota? Ziko karibu na taa.

MUSA: Hapana, hapana. Bodi ya droni inaipa mota umeme wa kukatwakatwa, mara nyingi mno kwa sekunde. Ukipunguza kasi, taa nazo zinafifia, na mota yenyewe hurudisha mishtuko ya volti. Unga pale betri inapoingilia kwenye bodi. Na kabla ya kulehemu, chomoa betri! Hii ni betri ya lithiamu; nyaya zake zikigusana, moto ni wa kweli.

ZAINA: Na kuirusha nje?

MUSA: Kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uulize kuhusu ruhusa. Ukishapata, angalia ile nyeupe ya mkiani. Kwa kuwa inahitaji volti nyingi, betri ikishuka inafifia mapema, nyekundu bado inang'aa. Ukiona hivyo, ishushe.

ZAINA: Nipe mita, tuanze na hii ya kijani.