Maji kwanza, michoro baadaye: kujifunza kuchora kaure ya buluu na nyeupe

Haya jamani, asanteni kwa kuja, na nyie wa nyuma sogeeni kidogo manake kuna vitu nitavipitisha mkononi, mkibaki kule mtaona mgongo wangu tu.

Nimeombwa niongelee uchoraji wa vyombo vya Kichina vya kaure, vile vya buluu na nyeupe, vile ambavyo bibi anavyo kabatini na hataki mtoto avisogelee. Watu wakisikia nilienda China kujifunza wanadhani nilifundishwa kuchora dragoni na maua. Dragoni anakuja baadaye sana. Unachofundishwa kule ni maji, yaani jinsi ya kuyapeleka unakotaka na kuyasimamisha kabla hayajaharibu kazi. Kwahiyo leo nitaongelea maji kuliko michoro, mnivumilie.

Mji wenyewe ni Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi. Wanatengeneza kaure pale kwa zaidi ya miaka elfu moja na mpaka leo ukitembea mtaani unapishana na mtu kabeba ubao mrefu begani umepangwa vyombo vibichi, anapita katikati ya pikipiki wala hana wasiwasi. Hivyo vyombo vibichi ndo tunachora. Hapa wengi wanachanganya, wanadhani unachora kikishachomwa. Hapana. Kimefinyangwa, kimekauka, hakijaona moto kabisa, ukikishika vibaya kwenye mdomo kinabaki kipande mkononi. Na huo udongo una kiu bana. Chukua hiki kipande, gusisha ulimi, si umeona unanata? Basi brashi ikigusa pale rangi imeshanyonywa, hamna cha kufuta, labda ukwangue na wembe na kukwangua kwenyewe ni ufundi.

Kazi ina hatua mbili kubwa. Ya kwanza ni mistari. Brashi nyembamba, nywele ndefu, unaishika imesimama wima na mkono unapumzika juu ya kipande cha mbao. Rangi inakuwa nzito kidogo. Kule hawachanganyi na maji matupu, wanatumia maji ya chai, chai ya rangi iliyokolea, manake inasaidia unga wa kobalti, yale madini yanayotoa buluu, usizame chini haraka na mstari unateleza vizuri.

Ya pili ndo hatua yenyewe, wanaiita fenshui, kugawa maji. Hii brashi hapa, tumbo nene ncha kali, wanaiita kichwa cha kuku. Unaichovya kwenye rangi nyepesi, unaikamua kidogo, halafu unaiinamisha mpaka tone linasimama kwenye ncha. Sasa sikilizeni vizuri, nywele za brashi hazitakiwi kugusa udongo. Kinachogusa ni lile tone. Unalisukuma ndani ya mistari yako, kwenye jani au kwenye nguo ya mtu, linaenda mbele kama dimbwi dogo na wewe unaliongoza, na huruhusiwi kusimama, ukisimama sekunde moja udongo umekunywa pale na baada ya tanuru utaona doa jeusijeusi au alama ya mpaka wa maji. Ukifika mwisho wa jani unayanyonya yaliyobaki na brashi hiyohiyo unaondoka. Wamama wanaofanya hii kazi kwenye karakana wanapiga stori huku wanajaza majani mia na usawa wao ni uleule, nilikuwa nakaa nawaangalia tu mchana mzima.

Alafu kuna ngazi za rangi, bakuli tano mbele yako, kuanzia nzito kabisa mpaka ile ambayo ni kama maji yaliyochafuka kidogo. Kobalti ni moja tu, tofauti ni maji. Mkiangalia vyombo vya enzi ya mfalme Kangxi, 1662 mpaka 1722, milima ya mbali imepauka, ya karibu imekolea, miamba ina kivuli, hapo ndo walifika mbali sana na hizi ngazi, kwa maoni yangu hakuna waliowapita.

Tatizo lingine ni kwamba huoni unachofanya. Kobalti kabla ya moto ni ya kijivu inaelekea nyeusi. Dada zangu mnaopaka hina mtanielewa, unachokiona mkononi ikiwa mbichi sio kile utakachokiona kesho. Ila hina walau unaiona muda wote. Huku ukimaliza kuchora wanapulizia glezi, ule unga wa majimaji utakaoyeyuka kuwa kama kioo, na kazi yako yote inafunikwa, chombo kinakuwa cheupe kama hukufanya kitu. Zamani walipulizia kwa mdomo, bomba la mwanzi limefungwa kitambaa chepesi mwishoni, siku hizi kompresa. Kisha tanuru, nyuzijoto kama 1,300, hewa imebanwa ndani, na ndipo buluu inatokea chini ya glezi. Ndo maana haibanduki, uoshe miaka mia tatu.

Hiyo kobalti sasa. Enzi ya ukoo wa kifalme wa Yuan, karne ya 14, ile nzuri ilitoka Uajemi, ikaja na wafanyabiashara Waislamu. Kuna jozi ya vasi pale British Museum imeandikwa tarehe, ni mwaka wetu wa 1351, na mtu anayedhani huu uchoraji ulianza kitoto akaziangalie, ziko kamili, dragoni, mawingu, mawimbi, kila kitu. Rangi ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi, kwahiyo palipolundikana rangi panatoka madoa meusi yanazama kwenye glezi. Ilikuwa kasoro. Lakini vyombo vya mfalme Xuande wa ukoo uliofuata, Ming, 1426 mpaka 1435, vikapendwa mno pamoja na madoa yake, mpaka karne ya 18 wachoraji wanaoigiza wakawa wanadonoa madoa kwa makusudi na ncha ya brashi! Ukiyaangalia karibu unawakamata, madoa yao yamepangwa yana adabu. Na leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, huko Kolwezi, upande wa Katanga, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili, nyingi inaenda China kusafishwa. Sehemu kubwa ni ya betri, sio ya sahani, ila mimi napenda kulisema hilo.

Jambo lingine lililonishangaza ni mgawanyo. Tang Ying, aliyesimamia matanuru ya mfalme, aliandika 1743 kwamba anayejifunza mistari hajifunzi kujaza rangi, na anayejaza hajifunzi mistari. Wanakaa chumba kimoja ili kazi ilingane, lakini kila mtu na mkono wake. Kwahiyo ile sahani unayoipenda haina msanii mmoja, na sisi tuliosoma sanaa shule tumezoea kuuliza nani kachora.

Mambo yalibadilika karne ya 20. Kuna mzee Wang Bu, 1898 mpaka 1968, alianza utotoni kama fundi wa kawaida, yeye akaifanya fenshui iwe huru, anaachia maji yenyewe yachore ua la lotasi au ndege, mstari kidogo sana. Wakamwita mfalme wa buluu na nyeupe. Viwanda vikubwa vya serikali vilikufa miaka ya 1990, mafundi wakatawanyika kwenye vikarakana vyao, na sasa vijana kutoka China nzima wanahamia Jingdezhen kupanga chumba na kuchora. Kuna Bai Ming, kazaliwa 1965, anatumia kobalti ileile kufanya mabaka na mistari isiyo picha ya kitu chochote. Wengine wanalalamika sio mila. Mimi nasema angalia kingo za baka lake, hakuna alama ya maji, huyo kasomea fenshui vizuri tu. Kuna vijana wengine wa kisasa wanapaka kobalti kama rangi ya ukuta halafu wanaita sanaa ya dhana. Sawa.

Kaka pale kauliza, kwa hapa kwetu tujifunzie wapi? Nenda kaangalie magae. Magofu ya Gede na Fort Jesus, pwani ya Kenya, kuna vipande vingi, na kipande kilichovunjika kinafundisha kuliko kizima kwasababu unaona udongo, mchoro, na glezi juu yake. Makaburi ya zamani ya Kunduchi, Dar, na Mambrui, Kenya, yalipachikwa bakuli na sahani, nyingi zimeng'olewa yamebaki mashimo. Na nyingi zilizokuja huku zilikuwa za biashara, zimechorwa harakaharaka, jani mipigo miwili basi. Walimu wetu wa kule wanazidharau kidogo, mimi nazipenda, mkono wa mtu aliyechora jani hilo maelfu ya mara hauna wasiwasi.

Swali la mwisho, dada wa shela ya kijani, unajuaje kama sahani ya dukani imechorwa kwa mkono au ni stika? Chukua mbili za aina moja uziweke pamoja. Za stika zitafanana mpaka kosa. Angalia pembeni kama mchoro una sehemu umeungwa, au umekatika ghafla. Halafu tafuta jani lolote lililojazwa rangi, kama la mkono utaona upande mmoja umekolea kuliko mwingine, pale tone lilipoishia. Hizi mbili hapa zipitisheni, moja nimeinunua Kariakoo, mniambie ipi ni ipi.