Kipande cha Babake Babu

Mulembe, watu wangu! Hamjambo nyote wa Bungoma, Kimilili, Webuye, na nyinyi mliohamia Nakuru. Huku Manchester ni saa tano usiku, watoto wamelala, mimi usingizi umenikataa. Hebu tazameni hii.

Picha hii nimetumiwa na binamu yangu jana kwa WhatsApp. Ni kipande cha babake babu. Kumbe kukhu, nyanya yetu, alikifunga kwenye leso akakiweka chini ya sanduku miaka yote hii! Karatasi imekunjwa hadi mikunjo imetoboka, wino umefifia, lakini alama za vidole zipo. Mnaona mistari? Picha yake hatuna hata moja. Nilipoona vidole vyake nililia.

Vijana pengine hamjui kipande, ile karatasi ya utambulisho na kazi ya enzi za mkoloni hapa Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita kuu ya kwanza. Mwanaume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya mkebe, kama kengele ya mbuzi. Mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Ukiondoka kabla hajakutilia sahihi, unasakwa kama mtoro. Hapa tunaona alichunga ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Kitale. Nyumbani hakuna aliyewahi kututajia hilo.

Sasa sikieni, hapa ndipo mimi nilikwama miaka miwili. Kila rekodi ya zamani niliyofungua mtandaoni niliandika "Bungoma", nikaandika "Bukusu". Hola! Kipande kinasema wilaya ni North Kavirondo, kabila ni Kitosh. Ndivyo serikali ya mkoloni ilivyotuita, jina ambalo wazee wetu hawakulipenda hata kidogo. Ukiwatafuta Wabukusu kwenye mafaili ya wakati ule, tafuta kwa majina hayo. Na usitegemee jina la ukoo. Babake babu ni mmoja wa akina Wafula, jina la waliozaliwa msimu wa mvua, na ndugu yake wa tumbo moja aliyezaliwa kiangazi ni Simiyu.

Umri kwenye karatasi ni wa kukadiria tu, kwa hivyo nikampigia kukhu. Hata hakufikiri. "Mjukuu wangu, huyo alikuwa Kananachi, tena wale wa kwanza kabisa." Basi! Kananachi ni rika la tohara kwetu Wabukusu, na walitahiriwa kuanzia 1924 hadi 1934, kila mwaka wa shufwa, mwezi wa nane. Wa kwanza ni 1924. Kama alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alizaliwa karibu 1909. Kukhu hajui kusoma, na ndiye aliyenipa mwaka.

Jumanne binamu anaenda kituo cha Nyaraka za Kitaifa pale Kakamega. Nimemsihi asikikunje tena kile kipande, akitie kwenye bahasha kikiwa kimelala. Na kama babu yako alichunga ng'ombe upande wa Kitale miaka hiyo, niandikie hapo chini. Huenda walilala boma moja.