Idi Inapoingia Nyumba Yenye Eda

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheikh, wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na ndugu zangu nyote. Nilikuwa nimekusudia usiku huu kuzungumzia hukumu za kuchinja, kwa kuwa tumo katika siku kumi za mwanzo wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, na maswali ya kuchinja ndiyo yanayotufikia kwa wingi. Nimebadilisha kwa sababu mama mmoja alimtuma mjukuu wake aniletee swali, limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari: je, mtu anapata dhambi kwa kutofurahi siku ya Idi? Hakuandika lililomsibu.

Nianze na Idi ya kwanza kabisa. Katika sira tunasoma kuwa iliswaliwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka ule ule ilipofaradhishwa funga ya Ramadhani, siku chache baada ya vita vya Badri vilivyopiganwa tarehe 17 ya mwezi huo. Sisi wahadhiri tunapenda kuieleza Idi hiyo kuwa ni Idi ya ushindi, na ushindi ulikuwepo kweli. Tunachokipitia haraka, na mimi mwenyewe nimekipitia haraka mara nyingi, ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliipokea Idi hiyo akiwa amefiwa. Bwana Uthman bin Affan hakwenda Badri kwa sababu mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume ndiye aliyemwamuru abaki amuuguze. Zaid bin Haritha alipoingia Madina na bishara ya ushindi, aliwakuta watu wamekwisha kusawazisha udongo juu ya kaburi la Ruqayya. Baba yake alikuwa bado njiani, hakuwahi mazishi. Mwezi wa Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani, ulipoandama, kaburi lile lilikuwa halijatimiza wiki mbili, na Idi haikuahirishwa. Kwa hiyo mwenye kudhani kuwa msiba na sikukuu haviwezi kukaa katika nyumba moja, ajue kuwa vilikaa pamoja tangu siku ya kwanza, tena katika nyumba bora kuliko zote.

Sasa, je, aliyefiwa anatakiwa aifiche huzuni yake kwa kuwa ni siku ya takbira? Wako watu, na nia yao ni njema, wanaomwendea mfiwa asubuhi ya sikukuu wakamwambia, "Nyamaza, usilie, leo Idi," kana kwamba machozi yanaibatilisha siku. Hawa wameichanganya subira na ukavu wa macho. Tusome sura ya Yusuf. Katika aya ya 83 Nabii Yaaqub (a.s.) anasema, "fasabrun jamil", yaani subira njema, na aya inayofuata moja kwa moja, ya 84, inatwambia kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Ni mtu yule yule. Kisha katika aya ya 86 anatueleza huzuni hiyo anaipeleka wapi: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Hakusema hana huzuni.

Na Mtume wetu, mwanawe mdogo Ibrahim alipokuwa akikata roho, macho yake yalibubujika machozi. Abdurrahman bin Auf alistaajabu akasema, "Hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema, kisha yakafuata machozi mengine, na maneno yale mashuhuri, kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mpaka umewekwa kwenye ulimi. Jicho na moyo havikuwekewa mpaka.

Wengi wenu hapa mnaukumbuka usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, ilipozama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba na abiria waliopita kiwango chake. Walikufa watu kwa mamia, na wengi wao maiti zao hazikuonekana. Tuliambizana wakati ule, na ni kweli, kuwa Mtume amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii asiyekuwepo anasaliwa sala ya ghaibu. Lakini nataka mhesabu pamoja nami jambo jingine. Eda ya mjane, yaani muda anaokaa akijizuilia na mapambo baada ya kufiwa na mume, ni miezi minne na siku kumi. Aliyefiwa na mume usiku ule alibaki katika eda mpaka Mfunguo Tano, katikati ya Januari 2012. Maana yake ni kwamba Idi ya kuchinja ya mwaka ule, mwanzoni mwa Novemba, iliwakuta wajane wale ndani ya eda, hawajafika hata nusu yake.

Hebu fikirini ni siku gani hiyo kwa mwanamke wa Kizanzibari. Sikukuu yetu inaanza puani kabla ya kufika machoni: alfajiri nyumba zote zinafukiza udi, hina imepakwa tangu usiku, wanja, asumini, nguo mpya. Na hivyo vyote ndivyo alivyozuiliwa mwenye eda. Marehemu shangazi yangu alikuwa na jirani wa namna hiyo, mlango wa pili tu. Asubuhi ile ya Idi shangazi alikitoa chetezo kikiwa tayari na makaa, akasimama nacho uani kitambo kidogo, kisha akayamwagia maji. Tulipomuuliza alisema, "Ukuta wetu ni mmoja." Kifiqhi hakulazimika, kwa sababu mwenye eda amekatazwa kujitia manukato, hakukatazwa kunusa ya jirani. Mimi niliyesoma vitabu nilitaka kumweleza hivyo, na nashukuru kuwa nilinyamaza. Halafu akawatazama wanawe waliokuwa wanagombania kanzu zao mpya, akazikunja kanzu zile akazirudisha sandukuni, na wote wakavaa za Mfunguo Mosi, kwa kuwa mtoto wa jirani hakuwa na nyingine.

Baadaye, nikisoma, nilikutana na Ummu Atiyya. Bibi huyu wa Kiansari ndiye aliyepokea hadithi ya kukatazwa mwenye eda wanja, manukato na nguo za rangi za pambo. Ndiye pia aliyekuwemo katika kumwosha binti ya Mtume alipofariki, akatuhifadhia namna ya kuosha kwa maji na mkunazi na kutia karafuumaiti mwisho. Na ni huyo huyo aliyepokea hadithi ya kuamrishwa wanawake watoke siku za Idi, hata wenye hedhi, wahudhurie kheri na dua ya Waislamu japo hawasali. Hapo ndipo lilipoulizwa swali: ikiwa mmoja wetu hana jilbabi, yaani vazi la kujifunika? Mtume akajibu kuwa mwenziwe amvike katika jilbabi yake. Angalieni jawabu lilivyoelekezwa. Asiye na nguo hakuambiwa avumilie, wala hakuruhusiwa abaki nyumbani kwa unyonge wake. Amri imemwangukia mwenye nguo mbili.

Ndivyo ilivyo hata katika chakula. Habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta, mwaka wa 8 Hijria, ilipofika Madina, Mtume alisema watu wa Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Na sisi tumeligeuza. Mfiwa ndiye anayehangaika na sufuria la pilau, anakopa mchele dukani ili walaji wa matanga washibe, na sikukuu ikimkuta katika hali hiyo anakopa tena asije akasemwa. Naliita jina lake: hii ni aibu yetu, na haina asili katika sunna.

La mfuko nitalisema kwa ufupi. Kuchinja, kwa Imamu Shafii, ni sunna iliyotiliwa nguvu. Kwa Imamu Abu Hanifa ni wajibu, lakini kwa mwenye uwezo. Hakuna aliyemwajibisha fukara. Imepokewa kuwa Abubakar na Umar waliwahi kuacha kuchinja, wakichelea watu wasije wakadhani ni faradhi. Na Mtume alipochinja alisema kuwa mnyama yule ni wake na wa wale wa umma wake ambao hawakuchinja. Kwa hiyo baba unayemkwepa mwanao kila akitaja mbuzi, wewe umekwisha kuchinjiwa, na aliyekuchinjia unamjua. Usiende kwenye mkopo wa riba kutafuta mnyama ambaye, kwa mujibu wa sura ya Al-Hajj aya ya 37, nyama yake haimfikii Mwenyezi Mungu wala damu yake, bali inamfikia takua.

Idi ndogo nayo mnaijua kwa pishi yake ya fitri, vibaba vinne vya mchele, inayotakiwa ifike kabla watu hawajatoka kwenda kusali. Katika madhehebu yetu aliyebakiwa na ziada ya chakula cha siku ile na usiku wake anatoa, hata akiwa ni miongoni mwa wanaopewa. Yawezekana maskini akapokea pishi mlango wa mbele na akapeleka pishi kwa mlango wa uani. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni mzunguko usio na faida. Mimi naona asubuhi ile hakuna anayebaki kuwa ni mpokeaji tu.

Nirudi kwa mama yetu. Nimemjibu kwenye karatasi ile ile, kwa mkono wangu, kuwa hapana, hapati dhambi. Kwamba siku ya Idi ameharamishiwa kufunga, hakuharamishiwa kulia. Na kwamba kama hamo katika eda, aje uwanjani asikie takbira hata kama atakaa pembeni asiseme na mtu. Kisha nikamwuliza nami swali langu, nyumba yake ni ipi, ili asubuhi hiyo tujue sahani iende wapi. Mjukuu bado hajarudi. Aliye jirani naye ataelewa ni nani ninayemsema, na baada ya sala nitakuwa pale karibu na kisima. Aje aniambie peke yangu.